Mama Vijiti Anaondoka, Namba Saba Inabaki Wazi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mkaguzi Mkuu wa Uoto wa Asili atarudisha funguo za kabati namba nne, atatia sahihi kitabu cha mapokezi kwa mara ya mwisho, kisha ataelekea nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Mimi niliandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia rasimu ikiwa na mstari chini ya neno "zaidi" na alama ya kuuliza pembeni.

Naandika kwa niaba ya wenzangu wote wa Ofisi ya Fidia ya Uoto. Mimi ni mchora ramani, na kwa miaka kumi na mmoja meza yangu imetazamana na yake, kwa hiyo nikitia chumvi mahali popote, mtazameni yeye usoni, mtajua. Jina lake la kwenye faili la utumishi wanalijua wachache, na hata yeye huchelewa kuitika akiitwa hilo. Sisi tunamwita Mama Vijiti. Wafanyakazi wapya hudhani ni kwa sababu ya wembamba wake, wakaona haya kulitamka mbele yake. Wembamba haumo kabisa. Jina hilo alilipata kazini, kwa kosa, na analivaa kama wengine wanavyovaa nishani.

Kwa wageni waliokuja leo kumsindikiza, nieleze kidogo kazi yetu, maana majirani zake wengi wanaamini tunauza maua. Mtu au kampuni ikitaka kufyeka uoto wa asili ili ijenge, sheria inaitaka ioteshe na kulinda uoto wa aina ileile mahali pengine. Hiyo ndiyo fidia. Mahali hapo panaitwa eneo la fidia, linapewa namba, na linabaki chini ya macho yetu mpaka tutakapoliandikia fomu ya kufunga, yaani kusema kwamba kilichopotea kule sasa kimepatikana huku. Kazi ya mkaguzi ni kwenda kuangalia kama kweli kimepatikana. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya mtu mwenye viatu vizuri na kalamu. Hata yeye zamani aliona hivyo.

Mtaona pia kwamba katika ratiba mliyoshika mkononi, kipengele cha tano kimekatwa kwa kalamu na rula. Mchapaji hana kosa. Nitalifikia jambo hilo, kwa sababu ndilo linalomweleza mama huyu kuliko yote nitakayosema kabla yake.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na saba, kama msaidizi wa ghala la mbegu. Ghala lenyewe ndilo kile chumba cha mwisho wa korido ambamo sasa tunaweka viti vilivyovunjika. Lilikuwa na dirisha moja, rafu mpaka darini, na vumbi la maganda lililomfanya apige chafya mpaka walioko masijala wakawa wanamwombea heri kwa zamu. Wiki yake ya kwanza liliingia gunia la mbegu likiwa na cheti kwamba ni za mti wa asili. Akazitazama, hakuzipenda. Bila kumwambia mtu alipanda tatu katika kikombe cha chai dirishani. Baada ya miezi miwili yakachanua maua ya bustani, yale ya waridi yanayopandwa mbele ya benki. Mkuu wa ghala alikitazama kikombe, akamtazama yeye, akamwambia kwamba mtu wa aina hii akiendelea kukaa ghalani atatufungia ofisi, bora aende nje akawasumbue wengine. Mwaka uliofuata akawa mkaguzi.

Huko nje ndiko alikotuonyesha tabia zake zote. Dereva wetu, ambaye amemwendesha kwa miaka kumi na tisa, ana kanuni mbili anazomfundisha kila dereva mpya. Ya kwanza, Mama akisema "hapo hapo", maana yake ni mita hamsini nyuma, kwa hiyo rudi. Ya pili naiandika kama anavyoisema yeye: "Mama akikuambia twende mara moja, wewe beba blanketi." Hana dogo linapokuja suala la kupima. Amewahi kusimamisha gari katikati ya mvua kwa sababu ya kichaka alichokiona mwaka uliopita kikiwa upande mwingine wa mtaro. Kichaka hakikuhama, mtaro ndio uliohamishwa, na aliyeuhamisha bila kibali alipata barua siku ya pili yake.

Sasa nije kwenye Namba Saba.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mkandarasi mmoja alikuwa anajenga maghala kwenye kile kilima kilicho nyuma ya nyumba ya pampu. Kilima kizima kilikuwa msitu wa zamani. Nusu ya kwanza alikuwa ameshaifyeka kwa kibali, na fidia yake ilikuwa Namba Saba, kwenye mteremko nyuma ya karakana ya zamani ya reli: miche elfu moja mia mbili ya aina nane, mistari thelathini, kila mstari arobaini. Masharti yalisema hivi: baada ya miaka mitatu Namba Saba ikikaguliwa na kuonekana imeshika, mkandarasi ataruhusiwa kufyeka nusu ya pili ya kilima. Mkaguzi aliyepangwa alikuwa Mama Vijiti, ambaye wakati huo hakuwa bado Mama Vijiti. Alikuwa mkaguzi hodari aliyetajwa kwa cheo cha Mkaguzi Mkuu, na barua ya cheo ilikuwa imeshapigwa chapa, inangoja mhuri tu.

Alikwenda siku ya Ijumaa, saa sita mchana, kiangazi kikiwa kimepamba moto. Kila mche ulipopandwa ulichomekewa kijiti pembeni, kimepakwa rangi nyekundu kichwani, ili anayepalilia asiukate. Kiangazi miche ile hupukutisha majani yote, ikabaki nayo kama vijiti. Basi ofisi nzima ilikuwa na njia yake ya mkato: unasimama juu ya tuta, unahesabu vichwa vyekundu. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, na waliowatangulia walifundishwa hivyo hivyo. Akasimama juu ya tuta, akahesabu mistari thelathini mara arobaini, akaandika elfu moja mia mbili, hai asilimia mia moja. Akatia sahihi. Faili likafika kwa Mkurugenzi alasiri ileile, kwa mbio ambazo mafaili yetu hayajawahi kuzionyesha tena.

Ila alisahau chupa ya chai. Aliiweka juu ya nguzo ya uzio wa karakana, akaondoka bila kuichukua. Nayo haikuwa chupa ya kusahaulika, kwa sababu ilikuwa zawadi ya mama mkwe wake, yenye maua mekundu ubavuni, na mama mkwe alikuwa anakuja kula nao Jumapili. Jumamosi asubuhi mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akampakia kwenye pikipiki wakaifuata.

Chupa ilikuwa imeanguka na kubingirika mpaka mstari wa tatu. Alipoinama kuiokota alishika kijiti ili asiteleze, na macho yakamtua chini ya kile kijiti. Hapakuwa na mche. Palikuwa na shimo lenye udongo mkavu. Akatazama cha pili, vilevile. Cha tatu kilikuwa na mche, akaukwaruza gome kwa ukucha kutafuta kijani kilicho chini yake, akakuta kahawia mpaka ndani. Mumewe akamwita kutoka barabarani: "Kwani hiyo chupa imeolewa huko?" Mkewe alikuwa ameshainamia kijiti cha nne. Ikabidi azime pikipiki ashuke.

Walihesabu siku nzima. Kila mmoja alianza upande wake, bila kusemeshana, wakikwaruza gome moja baada ya jingine. Yeye aliandika katika daftari. Mumewe, ambaye hakuwa na karatasi, aliandika kwa chaki ya kushonea kwenye paja la suruali yake. Alasiri wakalinganisha. Daftari lilisema themanini na saba. Suruali ilisema themanini na saba.

Mwelewe alikuwa amesimama wapi. Tingatinga zilikuwa zimeshaegeshwa chini ya kilima tangu Alhamisi, zikingoja Jumatatu. Zilichokuwa zikikingoja kiliitwa ukaguzi wa Namba Saba, na ukaguzi ulikuwa sahihi yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua, kwa sababu wenzake wote wangehesabu vilevile. Akisema, cheo kinakwenda na maji, na pengine ajira pia. Anasema Jumapili ile mama mkwe alisifu chakula mara mbili na yeye hakusikia hata mara moja. Jioni akamuuliza mumewe angefanya nini. Mumewe si mtu wa hotuba. Alimwambia kwamba yeye ameshona viraka maisha yake yote na anavipenda, lakini hajaona mtu anayechana shati zima kwa kuahidiwa kiraka, na hicho walichokiona jana hata kiraka hakikuwa.

Jumatatu tarishi alipofika kufungua ofisi alimkuta amekaa kwenye ngazi, na mapajani ana tita la vijiti vyenye vichwa vyekundu, limefungwa kwa pindo la kitambaa cha suruali. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye leo ni mstaafu na amekaa mstari wa mbele, tafadhali mzee simama wakuone, ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Alikuwa hajakaa vizuri mlango ukafunguliwa, tita likawekwa juu ya kioo cha meza yake. Akauliza ni nini hivi. Akajibiwa: "Huu ndio msitu niliotia sahihi Ijumaa, Mkurugenzi. Nimekuja kuomba sahihi yangu irudi."

Mzee anakiri kwamba jambo la kwanza alilolifikiria ni kioo cha meza. La pili ni simu ya mkandarasi, ambayo ilikuwa inalia tayari. Alimwambia mkaguzi atoke akakae kwenye benchi la korido. Akakaa. Baada ya dakika arobaini mlango ukafunguliwa, na Mkurugenzi akatoka kusema kwamba amesimamisha tingatinga kwa wiki moja, na kwamba wakaguzi wengine wawili wanakwenda Namba Saba sasa hivi, na ole wake kama kuna mche zaidi ya anaosema. Walikwenda. Mmoja alirudi na themanini na saba. Wa pili alirudi na themanini na sita, akarudishwa kuutafuta uliobaki.

Mhandisi wa mkandarasi alifika akiwa amepandwa na hasira, anasema sauti ikisikika mpaka stoo. Mama hakubishana naye. Alimpeleka mteremkoni, akamwonyesha namna ya kukwaruza gome, akampa mistari mitano iwe yake. Ule wa kwanza mhandisi alizungumza. Ule wa pili alizungumza kidogo. Ule wa tatu alikuwa amevua kofia. Na tuseme ukweli wake, walifanya uungwana: Namba Saba ikapandwa upya mwanzoni mwa mvua, ikapaliliwa na kuzungushiwa uzio, na maghala yaliyobaki yakajengwa kwenye uwanja wa zamani wa matofali, ambako hakukuwa na cha kufyeka. Nusu ya pili ya kilima haikuguswa. Ukitoka nje ya ukumbi huu ukatazama juu ya paa la nyumba ya pampu, ni ule weusi wa miti unaouona. Ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na haina namba wala fomu, kwa kuwa hatuna fomu ya kitu ambacho hakikufyekwa.

Karani wa masijala ndiye aliyempa jina. Alilazimika kulipokea lile tita kama kielelezo, kulibandika namba na kulitafutia kabati, na kabati hazitengenezwi kwa ajili ya vijiti. Akawa kila akimwona koridoni anauliza, "Mama Vijiti, leo umeniletea nini?" Kuhusu cheo, watu walidhani amemwaga unga. Hakuumwaga, ila barua iliyongoja mhuri iliingia droo, na ikakaa humo miaka sita. Katika miaka hiyo alitumwa kila eneo lililo mbali na kila lenye matope. Anasema ndiyo miaka aliyojifunza kazi. Mimi nasema ilimuuma, na ana haki ya kuumia, na ofisi hii ilipaswa kumwambia pole mapema zaidi. Basi pole, Mama.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachotulisha wote hadi leo. Aliandika fomu upya. Ile ya zamani ilikuwa na nafasi ya miche iliyopandwa, haikuwa na nafasi ya miche iliyo hai, na miaka yote hakuna aliyeona ajabu. Akaanzisha hesabu ya watu wawili: kila mmoja na daftari lake, migongo imepeana, hakuna kusemeshana mpaka mwisho. Wanaojua chanzo chake huiita hesabu ya suruali. Kisha akaongeza sharti lililowatoa jasho wakandarasi wengi, kwamba eneo halifungwi kwa sababu miti imekua tu. Katika miraba ishirini inayopimwa, iwemo angalau miche sitini iliyojiotea yenyewe, imefika magotini. Kwa maneno yake, mti uliopandwa bado ni mgeni, aliyezaliwa pale ndiye mwenyeji.

Pia aliwafunga mdomo waliodhani kulinda ni kuzungushia uzio chochote. Kampuni moja ilitaka kufyeka uwanda wa nyasi za asili, na kwa fidia ikaahidi kulilinda genge fulani la mwamba lenye vichaka vizuri. Karatasi zao zilikuwa safi, picha za rangi, kila kitu. Mama akamwomba mhandisi wao amwonyeshe hapo gengeni wangejenga wapi kama wasingelilinda. Walipanda pamoja. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mbili, mhandisi thelathini. Katikati ya mwinuko mhandisi alikumbatia mzizi, akatazama chini, akauliza kama hawawezi kuzungumza jambo hili ofisini. Walipolizungumza ofisini alikubali kwamba genge lile lilikuwa linajilinda lenyewe tangu dunia iumbwe, na kwamba huwezi kuhesabu kuwa umeokoa kitu ambacho hakikuwa na wa kukitishia.

Si kila jaribio lake lilifaulu, na hili analisimulia yeye mwenyewe kwa kucheka mpaka machozi. Kulikuwa na mti mzee wenye mashimo, bundi wamo, na mwenye kiwanja akatoa ahadi ya miche mia tatu badala yake. Mama akauliza bundi watakaa wapi miaka themanini wakisubiri miche ipate mashimo. Mtu akapendekeza masanduku ya mbao. Akakubali tujaribu kwanza, tuliyafunga kumi na mawili. Bundi hawakuyatazama. Nyuki waliyapenda sana, na dereva wetu, aliyepanda ngazi kwenda kuchungulia, alishuka bila kutumia ngazi. Mti ule bado umesimama, na kiwanja kikachorwa upya kuuzunguka. Ramani niliichora mimi, kwa fahari kubwa.

Mwaka juzi alifanya jambo ambalo wengine wangeliacha limfuate mwingine. Alipitia maeneo yetu yote arobaini na sita, moja moja, akaandika ripoti. Kumi na saba yamesimama vizuri. Ishirini yako nusu njia. Tisa, aliandika, ni vijiti. Kulikuwa na ushauri wa hapa na pale kwamba neno hilo la mwisho lilainishwe. Alisikiliza wote kwa adabu, akaliacha. Kwake hiyo haikuwa ripoti ya kukata tamaa hata kidogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyewasha taa chumbani akaona viti viko wapi. Kila mfanyakazi mpya humwambia maneno yaleyale: swali la kwanza ni kama kuna haja ya kufyeka, la pili ni kama inawezekana kufyeka kidogo, na fidia ni swali la tatu, usilianze hilo kwa sababu ndilo jepesi kulijibu kwenye karatasi.

Nyumbani, tunaambiwa, si mkali hivyo. Bwana fundi bado anashona, na mifuko yote ya kubebea daftari mnayoiona ofisini ni ya mkono wake. Binti yao ni muuguzi, na amelalamika kwangu kwamba mama huhesabu vidonge vya wagonjwa wa familia mara mbili. Wajukuu wawili wameshafundishwa kukwaruza gome, jambo lililowagharimu majirani mche mmoja wa limau. Mama anasema akistaafu atalala mpaka saa mbili asubuhi. Mumewe aliposikia alicheka, akaendelea na cherehani yake.

Nimefika kwenye kipengele cha tano.

Tulitaka kumpa zawadi ambayo haikai kabatini. Namba Saba, ileile, imekuwa wazi miaka yote hii kumi na tisa. Imekua. Ina kivuli, ina ndege, mteremko hauonekani tena kutoka karakana. Tukaona hakuna jambo zuri kama kumwona akiifunga kwa mkono wake, mbele yenu, siku ya kuondoka. Tukaiandaa fomu, tukaichapa kwenye karatasi nzito, tukaiwekea fremu. Ratiba ikachapwa nakala mia moja na ishirini: kipengele cha tano, Mstaafu atia sahihi fomu ya kufunga Namba Saba. Kilichobaki kilikuwa hesabu tu, na hesabu tuliiona kama jambo la kukamilisha utaratibu.

Tulikwenda mimi na yeye, Jumanne ya wiki iliyopita. Miraba ishirini, daftari mbili, migongo imepeana. Ilikuwa asubuhi nzuri na nilikuwa nahesabu huku moyo unaimba, mpaka mraba wa kumi na sita, nilipoanza kujumlisha kichwani. Tulipomaliza tulikaa juu ya tuta lilelile, tukafungua madaftari. Langu hamsini na tatu. Lake hamsini na tatu.

Sitini ndiyo sheria, na sheria aliiandika yeye. Nikamwonyesha kwamba mraba wa tisa, ukisogezwa hatua moja tu kuelekea uzio, ungechukua kundi zima la miche tisa iliyojiotea, ninaiona kwa macho yangu, mizuri, inafika magotini. Nikasema hatua moja si kitu. Nikasema Namba Saba hii anayoijua kila mtu imepona. Nakiri nilikuwa nalia kidogo. Alinimiminia chai, akaniacha ninywe, kisha akaniambia: "Mwanangu, nipende. Lakini usinipendee kwenye fomu."

Jumatano asubuhi alikuja ofisini na rula. Alikaa kwenye meza yake akazikata ratiba zote mia moja na ishirini, moja moja, kipengele cha tano, mistari imenyooka kama mistari ya kitalu. Tulijitolea kumsaidia, akasema kazi hii ni yake. Alikuwa anapiga mluzi. Alipofika ya mwisho alinigeukia, akaniambia kwamba miaka kumi na tisa iliyopita walikuwa themanini na saba, wote wageni, na jana alihesabu wenyeji hamsini na watatu, je, mimi nimewahi kuona mtu akipewa zawadi nzuri kuliko hiyo? Fremu iko ukutani juu ya meza yake, na mahali pa sahihi ni peupe.

Mama, kuanzia Jumatatu meza hiyo naikalia mimi, mchora ramani uliyenigeuza mkaguzi. Mkanda wa kupimia nimeupokea, funguo za kabati namba nne nitazipokea ukizirudisha alasiri, tita la vijiti karani amenikabidhi kwa sahihi tatu na onyo moja. Tunakushukuru kwa kilima, kwa fomu yenye nafasi ya walio hai, kwa maeneo kumi na saba yaliyosimama na kwa yale tisa uliyokataa kuyaficha. Tunamshukuru bwana fundi kwa suruali yake. Uishi vizuri, mama yetu, ulale mpaka saa mbili kama unaweza, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi.

Ila tarehe 14 Machi mwakani usilale. Ndiyo siku niliyoipanga kuhesabu Namba Saba tena, na hesabu inataka watu wawili. Nimeisoma kanuni yako mstari kwa mstari, na hakuna mahali inaposema mhesabuji wa pili lazima awe mtumishi. Jina lako nimeshaliandika kwenye nafasi yake, lile la vijiti, kwa wino. Tumebakiza wenyeji saba. Gari litasimama mlangoni kwako saa moja asubuhi, na blanketi limo. Njoo na chupa yako ya chai, na ukitaka kuisahau tena kule, isahau.